Namba Kumi na Saba

Lifti ilimchelewesha, kwa hiyo Leonardi alipanda ngazi mbilimbili mpaka ghorofa ya tatu, kwenda kumfumania mkewe na mtu anayeitwa Namba Kumi na Saba.

Jina halisi hakulijua. Mkewe, Demetria, alikuwa mpima mioyo kwa ultrasaundi katika kliniki moja ya Kinondoni. Tangu Juni walikuwa na utafiti: mtu asiyeumwa chochote anapigwa picha ya moyo akiwa amelala, anapandishwa baiskeli isiyokwenda popote, kisha anapigwa tena kabla jasho halijakauka. Majina yanafichwa, picha inabaki na namba tu. Hata Leonardi aliwahi kuipanda Jumamosi moja watu walipopungua, yeye na walinzi na mama wa kantini, akapewa soda akarudi dukani kwake Buguruni.

Sasa kila jioni Demetria alifungua kompyuta mezani, chakula kinapoa, akitazama moyo wa mtu mmoja. Ule ule. Anausimamisha, anaurudisha, anaugusa kwa kidole.

"Wa nani huo?"

"Kumi na Saba. Hata mie simjui, Baba Blessing."

Humjui, na unamtazama hivyo? Miaka kumi na moja ya ndoa, Leonardi hajawahi kutazamwa namna ile hata dakika moja. Wivu ulimkaa kifuani kama tonge lililokwama, na siku hizi hata kubeba katoni dukani ulikuwa unamkaba.

Leo mchana alimpigia simu. Walipoagana, Demetria akasahau kukata, na Leonardi akamsikia akiongea na mwenzake, Kokuberwa.

"Akilala, moyo unacheza vizuri tu. Akitoka kwenye baiskeli, ukuta mmoja wa moyo unagoma. Ananinyima usingizi yule! Daktari kakubali kunifungulia jina lake leo. Nikimpata simwachi, naapa."

Leonardi alibaki na maneno mawili tu: usingizi na simwachi. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea, akafunga duka.

Sasa alisukuma mlango wa chumba cha vipimo. Demetria alikuwa peke yake, karatasi mkononi, analia.

"Yuko wapi bwana wako?" Leonardi alifoka, akihema. "Mwite! Leo atanitambua!"

 Demetria alimvutia kiti.

"Umepanda ngazi zote hizo mbio? Kaa chini, mume wangu, taratibu. Jina walilonifungulia ni lako."