Kifaranga wa Mwisho

Muosha magari alijitia ufundi. Kwenye kioo cha nyuma cha gari la mwalimu palikuwa na stika za bata: mama na vifaranga watatu. Wa mwisho alikuwa amechakaa, akamkwangua kwa wembe, kisha mabaki na wembe akavitupa mtaroni.

Mwalimu alipokuja, jicho lilikwenda palepale. "Mdogo wao yuko wapi?"

"Nimemtoa, mama. Alikuwa anachafua gari," akajibu, akingoja sifa.

Mwalimu akagusa gundi iliyobaki. "Kila mwanangu alibandika wa kwake. Huyo alikuwa wa kitindamimba wangu. Tulimzika mwezi uliofuata."

Uso ukamshuka muosha magari. Akapiga magoti mtaroni, akaanza kupekua mapovu kwa vidole.

"Inuka, baba," mwalimu akasema. "Utajikata."

Hakuinuka. Afadhali matope kuliko macho ya yule mama.