Asubuhi ya Michezo

Madawati kumi na tisa yalikuwa matupu tena. Mwalimu Asteria aliyahesabu kutoka mlangoni, akayarudia, kana kwamba kuhesabu kungemleta mtu.

"Wiki ya tatu hii," alisema Mwalimu Benedikto, chaki mkononi. "Napanda mlima kutoka Hedaru kwa pikipiki, nakuta nusu darasa. Nitakuja mara moja zaidi tu, dada. Nikikuta hivi tena, nabaki na wanafunzi wangu wa huko chini."

Kidato cha pili walikuwa na mtihani wa taifa Novemba, na mwalimu mwingine wa Hisabati hakuwepo mlima mzima ule.

Ratiba ilikuwa kazi ya mikono yake. Mtaala mpya ulipoingia, yeye kama mwalimu wa taaluma aliipangua ya zamani yote, akaisuka upya. Benedikto angeweza kupanda Jumanne au Alhamisi tu, basi Hisabati ikapewa asubuhi nzima ya Jumanne, na Michezo asubuhi nzima ya Alhamisi. Ilipendeza, jamani! Lakini Jumanne ya kwanza tu, watoto wote wa kitongoji cha juu hawakuonekana.

"Ilikuwa zamu yetu ya maji, mwalimu," walimwambia kesho yake.

Juu ya shule kuna ndiva, bwawa la kumwagilia mashamba, na kila kitongoji kina siku yake moja kwa wiki ya kufunguliwa maji. Siku hiyo kila mwenye mikono anashika jembe, awe amevaa sare au hajavaa.

Haya. Asteria akabadilisha: Hisabati Alhamisi, Michezo Jumanne. Alhamisi ikafika, watoto hawapo. Zamu yao, walisema, imehamia Alhamisi. Akairudisha Hisabati Jumanne, na ndiyo hiyo Jumanne ya leo. Zamu nayo ilikuwa imerudi Jumanne!

"Huyu mtu ananiwinda," alimwambia mkuu wa shule.

Mtu mwenyewe alikuwa Paschal, mwenyekiti wa kamati ya maji na mpangaji wa zamu, anayevaa gambuti hata kanisani.

"Si uende mkazungumze?"

"Nimpigie magoti mtu wa mifereji ndiyo nipange ratiba ya shule? Thubutu!"

Usingizi ulimruka wiki nzima. Alikula amesimama. Alichora ratiba, akaifuta, akaichora tena, mpaka Jumamosi akakata shauri kuirudisha Hisabati Alhamisi. Safari hii hakumwambia mtu. Angeibandika Jumatatu asubuhi, kama zile nyingine, kwa kuwa zamu za maji hutangazwa Jumapili baada ya ibada, na zikishatangazwa haziguswi. Akajicheka kwa ujanja wake.

Jumapili hiyo Paschal alimfuata nje ya kanisa, gambuti zikipiga kwata.

"Bwana asifiwe, mwalimu. Hivi wiki hii Michezo ni lini?"

Damu ilimpanda. Watoto wanafeli, yeye anauliza mpira!

"Ratiba iko ukutani, mwenyekiti. Kasome kama wenzio."

"Nilikuwa naelekea huko huko," alisema Paschal kwa upole, akashika njia ya shule.

Alhamisi, Benedikto alifika saa moja na nusu. Alitazama madawati kumi na tisa. Hakugomba, na hilo ndilo lililomuuma Asteria zaidi. Aliiweka chaki mezani, akavaa kofia yake ngumu, akasema, "Pole sana, dada."

Asteria alipanda ndivani karibu mbio, sketi imelowa umande, machozi yakimtoka bila haya. Wanafunzi wake walikuwa mferejini, matope hadi magotini. Walipomwona wakainama wote.

"Umeniulia shule, Paschal! Watoto hawa wamekukosea nini?"

Paschal alichomeka jembe lake kwenye tope. Macho yake yalikuwa mekundu, ya mtu ambaye naye hajalala.

"Mwalimu, usinionee. Kijiji kizima kimeninunia kwa ajili ya hao watoto. Kila Jumapili nikitoka kusoma ukutani kwenu, nawabembeleza watu wahamishe zamu zao."

Akatoa mfuko wa nailoni ndani ya koti, na ndani ya mfuko karatasi tatu. Asteria alizitambua: ratiba zake, zimenakiliwa kwa mwandiko mkubwa wa mtu asiyezoea kalamu. Katika kila moja neno moja lilikuwa limezungushiwa wino mwekundu. Michezo. Alhamisi. Michezo. Jumanne. Michezo. Alhamisi.

Chini kwenye kona, pikipiki ya Benedikto ilisikika ikiteremka.

"Nilisema maji yaangukie siku ambayo watoto hawakosi kitu," alisema Paschal. "Sasa wewe, mwalimu, kila nikiifikia hiyo Michezo, ulikuwa unaipeleka wapi?"