Buti za Kamba

Nilikuwa nimepiga goti mbele ya Maeve, nikimkazia buti ya ubao wa kutelezea thelujini, ile yenye kigurudumu cha kuvuta waya. Unazungusha mara mbili tu, mguu umeshikwa.

"Nachukua hizi," akasema.

"Wewe?" Nilipaza sauti duka zima lisikie. "Miaka ishirini ya kuokoa watu mlimani, leo unavaa buti za watalii? Waya ukikatika huko juu utateremka kwa makalio, dada!"

Wateja wakacheka. Yeye pia alicheka, kidogo.

"Haya, lete za kamba. Usinitangaze."

Nikazileta. Hapa kwetu Vermont mwokoaji hafungiwi kamba za buti, hujifungia mwenyewe. Akainama, akashika kamba, ikamponyoka. Vidole vikaendelea kubana hewa. Hakuwa na habari kwamba imeanguka. Akaiokota tena, akiikodolea macho kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Ncha za vidole vitatu zilikuwa nyeupe, ngumu kama nta, kama za mtu aliyewahi kugandishwa na baridi.

Januari iliyopita nilivunjika mguu katikati ya tufani ya theluji. Maeve ndiye aliyevua glavu zake ili anifunge gango. Mguu wangu ulipona. Mikono yake sikuwahi kuiulizia.

"Maeve," nikanong'ona, "zile za kigurudumu ni nzuri. Nilikuwa natania."

"Nyamaza. Watu wanatazama."

Alifunga fundo, likafunguka. Akafunga jingine, nalo likafunguka. Mwishowe akazivua buti, akanisukumia bila kuniangalia.

"Niwekee hizi za kamba. Kesho nitakuja nijaribu tena."