Jina Lililobaki Kwenye Soga

Siku ya tatu hiyo Bi Mwanaidi amekalia kiti kilekile katika duka la intaneti, macho hayabanduki kwenye kisanduku cha soga katika kompyuta. Mafuriko yalikuwa yameuvamia mji alikofanya kazi mwanawe, na simu yake haiiti. Lakini jina lake, Hamdani, lilikuwa bado kwenye orodha ya waliomo. Yumo, ila haandiki.

"Mama," alisema Salha, mwenye duka, "huenda umeme ulimkatikia, na seva, ile kompyuta yangu inayoendesha soga, haijui kwamba katoka. Niizime, niiwashe upya."

"Jina litafutika?"

"Yatafutika yote."

"Basi usiiguse! Ndilo nililobaki nalo."

Salha aliiacha seva ilivyo. Alimletea chai, na chai ikapoa bila kuguswa. Mwishowe Bi Mwanaidi akafumba macho. "Haya, zima. Nimemwachia Mungu."

Orodha ikatoweka. Ukurasa ukabaki na kisanduku kitupu cha kijivu, na maandishi madogo yakisema Java, programu inayoendesha soga, inapakia. Salha alikuwa bado hajanyanyuka alipo, jina likachomoza.

Hamdani: Mama! Niko salama. Siku tatu nabisha hodi, naambiwa Hamdani yumo tayari, sifunguliwi!

Bi Mwanaidi aliangua kicheko chenye machozi. Alitaka kuandika "mwanangu", lakini kidole kikaelemea herufi ya kwanza, kikasahau kuondoka, na zile m zikaenda zikijaza mstari baada ya mstari.