Bendera Juu ya Mnara wa Wenhope

Ilikuwa Jumanne, mkesha wa sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, saa tatu asubuhi. Manyunyu yalikuwa yakianguka, na upepo uliotoka Wales ulikuwa wa baridi. Thurstan alikuwa ndani ya tundu la choo cha ngome ya Wenhope, lishukalo ndani ya ukuta hadi nje, mgongo umeegemea upande mmoja, miguu imekazwa kwenye upande wa pili, akipanda.

Kifuani alikuwa amejifunga bendera iliyokunjwa kwenye mti wake. Chini yake alipanda Hamo, sajini wake, mtu mnene asiyejua kunyamaza.

“Bwana, umenidondoshea kitu usoni.”

“Ni tope.”

“Tope gani lina harufu hii?”

“Hamo, humu ndani kila kitu ni tope. Panda.”

Walikuwa na sababu ya kuharakisha. Tangu Pasaka habari zilikuwa zimeenea kwamba bwana wa Wenhope alizama na merikebu yake akirudi kutoka Gascony, ng’ambo ya bahari. Desturi ilikuwa wazi. Ngome yenye bendera juu ya mnara ina mwenyewe. Isiyo na bendera ni ya mfalme, na mfalme huigawa pamoja na mjane aliyemo. Mlingoti wa Wenhope ulikuwa mtupu. Kabla ya adhuhuri mfalme angefika na mpwa wake, kijana ambaye alikuwa amekwisha kuulizia vyumba vya kulala. Kama Thurstan asingewahi kupandisha bendera yake, ngome na Bi Hawise, aliyehesabiwa mjane, vingekuwa vya mpwa huyo.

Kwanza walikuwa wamejaribu lango kuu. Halikuwa lango la mchezo: daraja la kuinuliwa, mageti mawili ya chuma ya kushushwa, na kati yake dari yenye matundu ya kumwagia wageni maji ya moto. Osbert, bawabu, aliwachungulia kutoka juu.

“Fungua, Osbert. Mimi ndiye bwana wako.”

“Karibu sana,” alisema Osbert. “Wewe ni wa tatu tangu mavuno. Wa kwanza angalau alikuwa na meno yote.”

“Sauti yangu unaijua.”

“Sauti umeipatia, sikatai. Na jina langu wamekufundisha vizuri. Sasa nionyeshe pete. Bwana wangu aliniambia, Osbert, asiye na pete yangu, hata aje na sura yangu, mpige jiwe.”

Thurstan hakuwa na pete. Osbert akatii agizo. Jiwe liliangukia guu la ukuta, pale unapotanuka kwa nje, likaruka moja kwa moja hadi kwenye goti la Hamo, kama mjenzi alivyokusudia.

“Aliyebuni ukuta ule ana roho mbaya,” alinung’unika Hamo sasa, tunduni.

“Ana akili.”

“Basi mbona hakuweka vyuma kwenye choo?”

“Alikusudia. Akaahirisha.”

“Na ile pete, bwana, kweli hatungeweza kuipata?”

“Pete iko tumboni mwa bahari, Hamo, na merikebu iko hukohuko. Panda.”

Ghafla mwanga wa juu ukazimika. Mtu alikuwa ameketi. Mtu huyo akaanza kuimba, na sauti ilikuwa ya Osbert.

“Atakawia?” alinong’ona Hamo.

“Akianza kuimba, hukawia.”

Kwa mbali baragumu la mfalme likalia. Thurstan akaufungua mti wa bendera kifuani, akafumba jicho moja kama mtu anayelenga ndege, akasukuma juu kwa nguvu zake zote.

Wimbo ulikatika katikati ya neno. Mwanga ukarudi. Viatu vilisikika vikiteremka ngazi za mzunguko, na sauti ikaitangazia ngome nzima kwamba shetani amekuja na ana mkuki.

Walitokea juu wakiwa weusi kama mikaa. Mle chooni zilitundikwa kanzu za sikukuu, kama ilivyo katika kila ngome, kwa sababu harufu huwafukuza nondo walao nguo. Thurstan akavua matambara yake na kuvaa kanzu nyekundu. Ilimpwaya kiunoni, lakini urefu wa mikono ulimkaa sawasawa.

“Umependeza,” alisema Hamo. “Ila unanuka.”

“Mfalme atanitazama kutoka mbali.”

Walipanda mnara mbio, gizani. Kati ya ngazi zile ilikuwapo moja iliyojengwa fupi makusudi ili imwangushe adui. Thurstan aliiruka bila kuitazama. Hamo aliigundua kwa pua.

Juu, Thurstan aliifunga bendera kwenye kamba ya mlingoti. Farasi wa kwanza alikuwa amekwisha kufika ukingoni mwa handaki. Kisha upepo wa Wales ukaikamata bendera na kuikunjua yote, nguruwe mwitu mweupe aliyeshonwa juu yake akakimbia angani, na msafara ukasimama. Mfalme aliinua kichwa. Alitazama kwa muda mrefu, akaanza kucheka, akacheka hadi akashika shingo ya farasi asianguke. Mpwa wake hakucheka.

Baada ya hapo kila mtu alifanya lake. Mfalme alivuka daraja na kuulizia nyama. Mpwa wake alibaki nje akikagua kwato za farasi. Hamo alikwenda kisimani akajimwagia ndoo baada ya ndoo. Osbert alikwenda kwa padri kuungama dhambi zote, hata za utotoni. Bi Hawise alipanda mnarani na mwiko mkononi, akamkagua mwanamume mwenye kanzu nyekundu kuanzia meno hadi vidole vya miguu, akaziba pua, akasema, “Miaka miwili nakungoja, mume wangu, na mlango umekushinda?”