Rangi ya Korongo

Majirani walifurika studio ya mpiga picha Shebwana kuitazama picha ya korongo la jangwani, ambalo wachimba mawe walikuwa wamelilipua lote. Wakaisifu: miamba imewaka kama makaa!

Bi Mize, mzaliwa wa korongoni, akatikisa kichwa. "Siyo kwetu huku, mwanangu. Kwetu kukipambazuka, mawe hugeuka chai ya maziwa. Umeyapaka hina?"

Watu wakaangua kicheko. Shebwana hakucheka. Kamera ilikuwa imeinasa rangi ileile aliyoitaja Bi Mize. Ni yeye aliyeikoleza avutie wateja, kisha akaifuta picha ya awali.

Akarudi kwenye kompyuta, akapunguza wekundu.

"Hivi, mama?"

"Bado."

"Na sasa?"

Bi Mize alikuwa amefumba macho, kiganja juu ya kioo cha kompyuta, kama apapasaye ukuta wa nyumbani gizani.