Jino la Kila Alhamisi

Msusi aliinusa kola ya shati la mumewe mara ya pili, kisha akalitupa shati lote kwenye beseni kama mtu aliyejikuta ameshika nyoka.

"Karafuu!" aliwatangazia wateja wake saluni asubuhi ile, akikaza msuko hadi mwenye kichwa akalia yalaa. "Kila Alhamisi akitoka kwa daktari wake wa meno ananukia karafuu, na uso unamng'aa kama bwana harusi. Jino moja, miezi miwili haliponi. Eti daktari analiokoa. Kwani lilizama wapi?"

Saluni nzima ikaangua kicheko.

"Huyo daktari umemwona lakini?" mwenye kichwa akachochea. "Mimi nimemwona. Mtoto wa kike mbichi! Akikuinamia pale kitini, unasahau kama ulikuja na maumivu."

"Dada, nyamaza nisije nikakuacha nusu kichwa."

Wote walikata shauri moja: jino ling'olewe, na safari zife. Mpinzani alikuwa mmoja tu, Mama Vifungo, fundi cherehani wa chumba cha pili. Alikuwa ameegemea mlango kama kawaida yake, akihamisha anachotafuna kutoka shavu hili kwenda lile.

"Jino si ukucha, mwenzangu, halioti tena," alisema. "Na chonge ile ndiyo inayompa tabasamu lake. Mwache mwanamume atibiwe. Utabaki na mume pengo."

"Bora pengo kinywani kuliko pengo kitandani! Wewe unaongea tu, hujui navyoungua. Na Alhamisi zenyewe hata wewe huwa umefunga chumba chako, sina wa kumlilia."

Mama Vifungo akatazama viatu vyake.

Mchana huohuo, Jumanne, msusi alimfuata mumewe kazini, akamnyanyua katikati ya vioo alivyokuwa akikata.

"Lakini leo si siku yangu," mume akalalama.

"Leo ni siku yangu mimi. Twende."

Mama Vifungo akawasindikiza, asije akasikia wamepigana njiani. Walipofika akabaki kwenye benchi la nje.

Chumba cha daktari kilinuka spiriti na sabuni. Daktari mwenyewe alikuwa mbichi kama alivyosifiwa. Alimwambia mume, "Karibu, kaka, keti hapa," kana kwamba hajawahi kumtia machoni, tena akamuuliza na jina. Msusi akaguna. Wanajua kuigiza hawa! Wameshapangana.

Daktari akawasha taa, akachungulia, akaigonga ile chonge kwa kifaa chake. "Limetoboka hadi ndani, ila mzizi umeshika imara. Nikiusafisha na kuliziba, ataendelea kulitafunia. Atakuja kama mara nne."

"Nne nyingine?" Msusi alisogea hadi akasimama kati ya kiti na daktari. "Mwanangu, mimi ni mwanamke kama wewe. Nimeshawaelewa. Ling'oe!"

Daktari akashusha barakoa. "Nyingine? Kwani dada, huyu—"

"Ng'oa, daktari!" mume akadakia kutoka kitini, jasho likimchuruzika hadi masikioni. "Ng'oa tu, yaishe."

"Jino ni lako, kaka. Lakini nimekwambia, linapona."

"Ng'oa!"

Akapigwa sindano, ganzi ikashika, koleo likaingia. Msusi hakufumba jicho. Jino lilipolia *ting* kwenye kisahani cha bati, jembamba, jeusi ubavuni, alilitazama kama mtu anayemwona mke mwenza akifungashiwa virago. Miezi miwili ya kununa ilimtoka kifuani kwa pumzi moja. Hata akamwonea mumewe huruma, akamfuta mate kidevuni kwa ncha ya mtandio wake.

"Haya, mpenzi," alimnong'oneza. "Alhamisi utashinda nyumbani na mimi."

Mume, kinywa kimejaa pamba, akatikisa kichwa kukubali.

Daktari alikuwa akinawa mikono. "Hongera, dada, una mume jasiri," alisema bila kugeuka. "Wengine siku ya kwanza kuonana na mimi hata mdomo hawafungui."

Tabasamu la msusi likaganda. Alinyoosha mkono kushika kitasa, lakini mlango ulishafunguliwa kutoka nje.

"Mmeling'oa kweli?" Mama Vifungo aliuliza, machozi yakimlenga. Akafungua kimfuko chake kidogo cha kitambaa, akatoa punje mbili za karafuu. Moja akaitia kinywani mwake, na ya pili akaipeleka moja kwa moja kwenye midomo ya mume wa mwenzake, kabla mkono haujakumbuka kusimama.